Maji tunachemsha, mbona tumbo la mtoto halitulii?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Ujiji, nina watoto watatu. Wa mwisho ana miaka minne, na tangu mvua zianze tumbo lake halijakaa sawa. Linajaa gesi, anabeua na kujamba harufu ya yai viza, choo chake ni laini, kina mafutamafuta na kinaelea. Mwili umepungua. Tumepima mara tatu, kila mara tunaambiwa amiba, tunapewa Flagyl, anapata nafuu halafu inarudi. Mara ya mwisho wakaongeza na taifodi. Siku hizi hata maziwa yanamharisha. Maji ya kunywa nachemsha kila siku, siruki hata siku moja. Mama mkwe anasema ni mchango tu, na kwamba maji ya ziwa hayana neno kwa sababu ziwa ni kubwa, linajisafisha lenyewe. Dada zake wamepewa dawa za minyoo shuleni, yeye bado hajaanza shule. Je, hii amiba imekuwa sugu? Nimnunulie dawa gani?

JIBU: Marahaba, mama. Mimi ni mtu wa maabara, si daktari. Kwa hiyo nitakujibu kutokea upande wa darubini, na habari za dawa nitakueleza ili ujue la kumuuliza atakayemwona mtoto.

Kwanza, usinunue Flagyl nyingine kabla mtoto hajapimwa upya. Kwa ulivyoeleza, sidhani kama shida ni amiba sugu. Gesi yenye harufu ya yai viza, choo chenye mafuta kinachoelea, hakuna damu, mwili kupungua polepole, maziwa kukataliwa: hizo ni dalili za jiadia zaidi kuliko za amiba. Na sidhani kama sufuria yako ina kosa. Kosa, kama lipo, liko kati ya sufuria na mdomo wa mtoto, au kwenye maji ambayo hamyahesabu kuwa ni ya kunywa.

Jiadia ni kijidudu cha chembe moja, si mnyoo. Anayesemekana kumwona kwanza ni Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, mwaka 1681, kwenye choo chake mwenyewe alipokuwa anaharisha. Ana maisha ya aina mbili. Ndani ya utumbo mwembamba anaogelea na kujibandika kwenye ukuta wa utumbo, mahali ambapo chakula hufyonzwa. Wakiwa wengi, mafuta ya chakula hayafyonzwi vizuri, na ndiyo maana choo kinang'aa na kuelea. Akisukumwa kuelekea chini, anajifunga ganda gumu na kuwa kile tunachokiita sisti. Sisti ndiyo inayotoka na choo, na ndiyo inayosafiri. Kwenye maji baridi inaweza kuishi wiki nyingi hata miezi. Maji ya vuguvugu kama ya Tanganyika huipunguzia umri, lakini kama choo na ndoo vinatenganishwa na hatua chache, haihitaji umri mrefu. Sisti 10 tu zinatosha kumwambukiza mtu, na mgonjwa mmoja anaweza kutoa mamilioni kwa siku. Dalili huanza kati ya wiki moja na tatu baadaye, kwa hiyo chakula cha jana unachokilaumu huenda hakihusiki kabisa.

Sasa hiyo amiba ya kwenye karatasi. Nitasema kwa uwazi kwa kuwa ni kazi yangu: neno amiba limekuwa rahisi mno kuandikwa. Amiba wako wa namna nyingi. Mwenye madhara ni Entamoeba histolytica. Yuko mwenzake, Entamoeba dispar, ambaye kwa darubini ya kawaida hatofautiani naye na wala haumizi mtu. Yuko Entamoeba coli, naye hana madhara. Sisti yake iliyokomaa ina viini vinane, wakati ya histolytica ina vinne, lakini kuhesabu viini kunataka rangi ya iodini, mwanga mzuri na muda. Zaidi ya hao, chembe nyeupe za damu zilizovimba kwenye choo cha mtu anayeharisha huweza kumdanganya msomaji mwenye haraka. Uthibitisho ambao darubini ya kawaida inaweza kuutoa kwamba amiba anashambulia ni kumwona akiwa hai, akitembea, na amemeza chembe nyekundu za damu. Fundi mwenye foleni ya sampuli nyingi na darubini moja hapati nafasi ya kulitafuta hilo kila mara.

Jiadia naye ana vituko vyake. Hatoki kila siku. Leo choo kimejaa sisti, kesho hakuna hata moja, kesho kutwa zimerudi. Ndiyo maana sampuli moja inayosema hakuna kitu haitoshi, na kwa mtoto kama wako ningetaka sampuli tatu za siku tofauti ndani ya wiki moja au siku kumi. Choo kikiwa cha majimaji, kifike maabara ndani ya nusu saa. Hapo jiadia aliye hai bado anaonekana akiyumba kama jani linalodondoka mtini, na ukishawahi kumwona akifanya hivyo humchanganyi tena na kitu kingine. Choo kilichokaa kwenye kopo tangu alfajiri kimeshapoteza hiyo nafasi, zimebaki sisti tu.

Utaniuliza, kama si amiba, mbona Flagyl ilimpa nafuu? Kwa sababu dawa iliyomo, metronidazole, inawaua wote wawili. Nafuu haithibitishi ni yupi. Na kurudi kwa ugonjwa hakuthibitishi usugu. Mimi huwa nauliza swali moja: je, mtoto alipona kabisa kwa wiki kadhaa, akala, akacheza, kisha ikaanza upya? Au dalili zilipungua tu bila kuisha? Kama alipona kabisa kisha akaumwa, uwezekano mkubwa ameambukizwa tena, na hata ukimpa dawa ya bei kubwa kiasi gani itarudi. Kama hazikuisha, basi ama dozi haikukamilika, ama dawa haikumfaa, ama tunatibu kitu kingine.

Dozi kutokukamilika ni jambo la kawaida sana kwa watoto. Metronidazole ni chungu na huacha ladha ya chuma mdomoni. Mtoto wa miaka minne anatema nusu, mama anamwonea huruma, siku ya tatu choo kimekuwa kigumu na chupa inarudi kabatini. Kwa jiadia dawa hii hutolewa mara tatu kwa siku, kwa siku 5 hadi 7, na kipimo cha mtoto hukokotolewa kwa kilo zake. Kwa hiyo mtoto apimwe uzito kabla ya kuandikiwa dawa, asikadiriwe kwa macho. Ipo tinidazole, ambayo hutolewa dozi moja tu na kazi imeisha. Mtu mzima humeza gramu 2 kwa mpigo, na mtoto wa kuanzia miaka mitatu hupewa kwa uzito. Kwa mtoto anayetema dawa, mimi naipenda zaidi hii ya mara moja, lakini uamuzi ni wa daktari. Albendazole nayo huweza kumtibu jiadia ikitolewa kila siku kwa siku tano. Ipo pia nitazoxanide, ya siku tatu. Mtu mzima atakayetumia metronidazole au tinidazole aache pombe mpaka dozi iishe na siku tatu zaidi, na mwenye mimba amwambie daktari kabla ya kuandikiwa chochote.

Ikithibitika kweli ni amiba mharibifu, matibabu yana awamu mbili. Metronidazole huua amiba waliojichimbia kwenye ukuta wa utumbo, lakini sisti zilizobaki ndani ya utumbo zinataka dawa ya pili, kama diloxanide au paromomycin. Hiyo awamu ya pili husahaulika mara nyingi, na wapo watu wanaojiona wana amiba sugu kumbe walitibiwa nusu.

Taifodi sitaichambua sana. Kama waliipata kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, na mtoto hakuwa na homa ya siku nyingi, mimi nisingeitegemea. Kipimo hicho hukosea mara nyingi mno katika sehemu ambazo watu wamekutana na bakteria wa jamii hiyo tangu utotoni. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara.

Tuje kwa mama mkwe na ziwa lake. Ana sehemu ya ukweli, usimbishie kwa dharau. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal la Urusi. Linashuka hadi mita 1,470 hivi. Kinyesi kikimwagwa katikati ya ziwa kitapotea. Lakini hakuna anayeteka maji katikati ya ziwa. Watu wanateka ufukweni, maji ya magotini, palepale wanapofulia, wanapooshea vyombo, wanapoogeshea watoto, na makorongo ya mji yanapomwaga maji ya mvua pamoja na yote yaliyokuwa yamelala vichochoroni tangu kiangazi. Mvuvi anayekesha na taa zake majini hana choo ndani ya mtumbwi. Maji ya mwaloni Kibirizi au Ujiji ni maji ya mtaa, hata kama nyuma yake kuna ziwa lote hilo. Na ulivyosema kwamba shida ilianza na mvua, inaendana kabisa. Visima vifupi vya huko kwenu navyo vina tatizo lilelile wakati wa mvua, hasa choo cha shimo kikiwa chini ya mita 30 kutoka kisimani.

Kuhusu kuchemsha: kunatosha, na pengine unachemsha kupita kiasi. Wengi wamezoea kuacha maji yatokote robo saa nzima huku mkaa ukiteketea. Kwa mwinuko wa Kigoma, maji yakitokota kwelikweli kwa dakika moja, jiadia, amiba na wenzao wote wamekufa. Okoa mkaa wako. Kuchuja kwa kitambaa kunaondoa takataka na kuyafanya maji yapendeze, lakini sisti ya jiadia ina upana wa mikroni kama 10 na inapita kwenye kanga bila kuguswa.

Ila maji yaliyochemshwa hayana kinga. Yakishapoa, sisti ikiingia, imeingia. Basi fuatilia siku moja maji yako yanakwenda wapi. Yanapoa kwenye sufuria hiyohiyo au yanahamishiwa kwenye ndoo iliyokuwa na maji mabichi asubuhi? Watoto wanachota kwa kikombe kinachozama pamoja na vidole? Kikombe kinasuuzwa kwa maji gani? Nyumba nyingi nilizowahi kuziona zikichemsha kwa bidii huwa zinateleza hapo. Ndoo yenye mfuniko na koki chini inamaliza sehemu kubwa ya tatizo. Kama hakuna, dumu la mdomo mwembamba, mtu anamimina, hazamishi kitu.

Halafu kuna maji ambayo hatuyaiti ya kunywa. Maji ya kupigia mswaki. Maji yaliyooshea nyanya na vitunguu vya kachumbari. Zile barafu za rangi za kwenye mifuko ambazo watoto wananunua nje ya shule na madrasa: kugandisha hakuaminiki kuua sisti, na hujui maji yametoka wapi. Kusukutua wakati wa kutia udhu nako kumo. Mtu mzima anatema yote. Mtoto wa miaka minne anayeiga baba yake anameza kidogo, na nimeshasema ni sisti ngapi zinatosha. Hilo halina ugumu, atengewe birika lake la maji yaliyochemshwa. Na mtoto akioga ziwani, anakunywa ziwa, utake usitake.

Mkono ni njia nyingine, na kwa watoto wadogo pengine ndiyo kubwa kuliko maji. Mtoto akishajisaidia unamtawaza kwa mkono, kisha unarudi jikoni. Maji matupu hayatoshi hapo, ni sabuni, na kucha zikatwe fupi. Vile vitakasa mikono vya spiriti vilivyozoeleka tangu wakati wa korona havisaidii sana dhidi ya ganda la sisti.

Wengine watakwambia tia WaterGuard umalize kazi. Klorini ni dawa nzuri kwa bakteria. Kipindupindu kilipolipuka Kagunga, hapo mkoani kwetu, Mei 2015 kati ya wakimbizi waliotoka Burundi, klorini ilikuwa miongoni mwa silaha za kwanza, na hata leo nyumba yangu haikosi. Lakini jiadia huivumilia kuliko bakteria wanavyoivumilia, hasa maji yakiwa na tope au muda wa kusubiri ukikatizwa. Na yuko mwingine, kriptosporidiamu, ambaye klorini ya kiwango cha maji ya kunywa haimtishi hata kidogo. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee nchini Marekani, wenye mtambo wa kisasa na klorini yake, uliugua: watu wanaokadiriwa kufika 403,000 waliharisha kwa sababu ya kijidudu huyo aliyepenya kwenye mabomba. Huyo huwatesa zaidi watoto wa chini ya miaka miwili na watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka, na kipimo cha kawaida cha choo hakimwoni mpaka ipakwe rangi maalumu. Kwa mtu mwenye VVU, tiba yake kubwa ni dawa za kufubaza virusi zenyewe. Kwa hiyo bomba liwe na klorini au lisiwe nayo, kwa mtoto wako endelea kuchemsha.

Mchango wa mama mkwe: inawezekana anao, watoto wengi wanao, lakini hautoi picha hii. Dawa wanazopewa dada zake shuleni ni mbili kwa kazi mbili. Albendazole au mebendazole ya mara moja ni kwa mchango, safura na minyoo wenzao. Prazikwanteli ni kwa kichocho. Hakuna kati ya hizo inayomtibu jiadia kwa dozi ya shule. Albendazole ya kidonge kimoja humtikisa tu, si zile siku tano. Huyo mdogo apewe dawa ya minyoo kliniki, ni haki yake, ila usiihesabu kama tiba ya tatizo hili.

Kichocho kinastahili neno lake kwa mtu wa Ujiji. Kile cha tumbo nacho huleta maumivu ya tumbo na kuhara, wakati mwingine na damu, na baada ya miaka huharibu ini. Lakini hakiingii kwa kunywa kama hawa wengine. Kinatoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuta nyavu, hivyo kuchemsha maji ya kunywa hakukukingi nacho. Mkipeleka choo maabara, waombeni waangalie na mayai ya kichocho, hasa kwa baba watoto kama anashughulika mwaloni.

Maziwa yasikutishe. Jiadia huharibu sehemu ya utumbo inayosaga sukari ya maziwa, na hata baada ya kuuawa, sehemu hiyo huchukua wiki kadhaa kujijenga. Mtoto anaweza kuwa amepona na bado akinywa maziwa anajaa gesi na kuhara. Wengi hurudi duka la dawa hapo wakidhani tiba imeshindwa. Msimamishie maziwa fresh kwa muda, mpe uji wa karanga, maharage yaliyopondwa, dagaa, mawese kidogo kwenye mboga, kisha jaribu maziwa kidogokidogo. Mtindi mara nyingi hukubalika mapema.

Usingoje maabara wala majibu ukiona choo cha damu, homa kali, macho yaliyodidimia, mtoto kulegea na kushindwa kunywa, au choo cha majimaji meupe kama maji ya mchele. Hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo, huku unampa ORS njiani. Mtoto anayeharisha apewe pia zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Na kwa mtu mzima, maumivu chini ya mbavu za kulia pamoja na homa, hata kama hakuna kuhara, yaweza kuwa jipu la ini linaloletwa na amiba. Huwapata wanaume zaidi, nalo si la kumtibu mtu mwenyewe nyumbani.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi wiki hii. Nyumba nzima mpime choo, si mtoto peke yake, kwa sababu wapo wanaobeba jiadia bila kuumwa chochote na kuwarudishia wengine kila mara. Dada zake wanaomlisha na kumbeba ni wa kwanza kuwashuku. Choo kichotwe kabla ya dawa yoyote, kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni, kiwekwe kwenye kopo safi la maabara. Kopo la dawa lililooshwa halifai. Andika saa kiliyotoka. Ukifika dirishani mwambie fundi kwamba mtoto ameshatibiwa amiba mara tatu na unaomba atazame jiadia, kwa maji ya chumvi na kwa iodini. Hatachukia. Maelezo ya namna hiyo yanatusaidia kuliko karatasi iliyoandikwa "kupima choo" basi. Watakaokutwa nao watibiwe siku moja, pamoja, na wiki hiyohiyo ndoo na vikombe vimwagiwe maji yanayotokota, mashuka na nguo za ndani zifuliwe na kuanikwa juani mpaka zikauke kabisa, maana sisti haipendi ukavu. Dalili zikiendelea wiki mbili au tatu baada ya dozi kwisha, na si maziwa, mrudishe apimwe tena na waambie dawa ipi ilitumika, ili wabadilishe aina badala ya kurudia ileile.